Kichwa cha Tatu cha Uyoga

Tangu uyoga utoweke misituni, sheria ilitaka kila uyoga mkavu wa makumbusho urudishwe kwa ukoo wa aliyeuchuma, wautumie wapendavyo. Atuganile alikabidhiwa bahasha ya bibi yake, mzaa baba. Ndani mlikuwa na vichwa vitatu, vya mwisho vya aina yake duniani.

Akaviroweka, akaviunga kwa karanga, akampelekea baba yake kitandani. Mzee Mwaisaka, aliyekuwa akikikataa chakula kwa wiki nzima, alikula mpaka akafuta bakuli kwa kidole.

"Ndio wenyewe," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ila mama hakuwa akipika vyote. Kichwa kimoja alikirudisha palepale alipokichuma, ili uote tena. Umekibakiza?"

Atuganile akalitazama sufuria. Hata mchuzi haukusalia.

"Nimekibakiza, baba."

Uso wa mzee ukakunjuka. Akajiinua mwenyewe, akashusha miguu, akaanza kupapasa sakafu kwa vidole.

"Basi niletee viatu, mwanangu. Twende tukakirudishe kabla mvua haijakatika."