Kiwanja Hakina Mgogoro

"Mzee, inua simu kidogo. Kaburi linaonekana."

Mzee Malale akainua simu. Mikono yake ilizoea fimbo ya kuchungia, kwa hiyo kwanza alirekodi mawingu ya Kakese, kisha bati, kisha kidole chake mwenyewe. Ponsian, dalali wa viwanja, akamsubiri ndani ya koti la kuazima, jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi.

"Sasa hivi! Mambo vipi, familia? Ponsian wenu wa Mpanda hapa! Kiwanja safi, ishirini kwa thelathini, maji yapo, umeme upo, hakina mgogoro! Nyie mnanijua, mimi yatima, mama yangu sijamwona hata kwa picha. Ukinunua kwangu umemvisha yatima shati. Namba hiyo hapo chini!"

"Uyatima wako unahusiana nini na kiwanja changu?" mzee akauliza.

"Mzee wangu, ukiweka tofali, wanaangalia watu mia. Ukiweka yatima, elfu arobaini. Huko mtandaoni ndiko wateja waliko, na huko watu wananunua kwa huruma."

Katika yote aliyoyasema mbele ya simu ile, la uyatima peke yake lilikuwa kweli. Bibi yake alimlea kule Kibaoni kwa maziwa ya mbuzi na matusi, akafa. Ponsian alikuwa ameshauza viwanja arobaini na kimoja vya watu, na yeye mwenyewe alipanga chumba ambacho mlango wake hufungwa kwa waya. Kijiweni madalali wenzake walimwita Mwenye Mji, wakicheka, maana hakuwa hata na pa kuchimba choo. Kamisheni ya kiwanja hiki, ukiongeza na akiba yake, ingemtoa kwenye aibu hiyo.

Tatizo ni kaburi. Wateja sita walishakuja. Wote walikipenda kiwanja, wakazunguka nyuma ya jiko, wakaona tuta lililopangwa mawe chini ya mpera, na wote sita wakakumbuka kwamba nyumbani wameacha maharage jikoni.

"Nililikuta," alisema mzee Malale. "Aliyeniuzia alisema ni dada mmoja kibarua. Alifia hapa masika, mto umejaa, hawakuweza kumrudisha kwao. Nikaahidi sitaligusa."

"Uliahidi wewe. Mimi sikuahidi. Wewe unataka kuwafuata wanao na ng'ombe huko Mamba au unataka kulinda mifupa ya mtu usiyemjua?"

Mzee akamrudishia simu. Wanawe walishaondoka na kundi zima, na kila wiki walimpigia kumuuliza anasubiri nini.

Video ikapaa. Siku ya tatu ukaingia ujumbe kutoka Kigoma, wa mtu anayeitwa Arcade: "Je, mpera wa nyuma ya jiko bado upo? Kama upo, usimuuzie mwingine. Bei hiyo hiyo, sipunguzi hata shilingi. Nakuja Alhamisi."

Ponsian akasoma mara tatu, akarukaruka, halafu akaingiwa na baridi. Mtu anayeulizia mpera si atakwenda kuuangalia mpera?

Jumatano mchana, watu wakiwa mashambani, akaja na jembe na kiroba. Mzee Malale alikataa kushika jembe. Akakaa mbele ya nyumba, mgongo ameupa uwanja, akatafuna njiti ya kiberiti mpaka ikaisha.

Ponsian akachimba peke yake. Kusawazisha tu kusingetosha, mnunuzi akichimba msingi ataikuta mifupa. Akaitoa yote. Akakuta na nyuzi za kanga, na kitana chekundu cha plastiki, kizima kabisa. Akavitia humo humo kwenye kiroba, akafukia shimo, akapanda matembele juu yake, akayamwagilia.

Kiroba akakifunga nyuma ya pikipiki mpaka kwenye shimo la dhahabu lililoachwa ng'ambo ya mto. Shimo lile, ukitupa jiwe, unaweza kumaliza kikombe cha chai kabla hujalisikia likifika.

"Haya mama, mwisho wa gari," alisema kwa sauti ya kondakta. "Shuka."

Akasikiliza. Hakusikia kitu. Akaondoka akipiga mluzi.

Alhamisi akafika mzee mrefu mwenye fimbo, macho yana ukungu. Ponsian akataka kumpeleka kiwanjani. Mzee Arcade akakataa.

"Kwanza tuandikiane. Kuona, nitaona kikiwa chetu."

Ponsian akajikaza asicheke. Jasho lote la jana lilikuwa la bure!

Katika ofisi ya mtaa hela zikahesabiwa, mzee Malale akatia dole gumba. Mwenyekiti akainua kalamu.

"Jina la mnunuzi?"

"Andika Ponsian," alisema mzee Arcade.

"Mzee, mimi dalali tu," Ponsian akacheka. "Mnunuzi ni wewe."

Mzee Arcade akaupapasa uso wa dalali kwa kiganja, taratibu, kama anayesoma.

"Andika, mwenyekiti. Dada yangu nilimzika mwenyewe chini ya mpera ule, nikaenda kutafuta maisha. Niliporudi, bibi aliyemchukua mwanawe alishahama naye, hakuna aliyejua wako wapi. Miaka ishirini na sita natafuta. Juzi wajukuu wananionyesha simu, naisogeza mpaka puani, namwona kijana ana sura ya dada yangu, analia uyatima, na nyuma yake jiko lile lile, amesimama hatua tano tu kutoka alipolala mama yake. Nikauza mtumbwi na nyavu siku ile ile."

Akamshika Ponsian mkono.

"Kiwanja ni chako, mpwa wangu. Sasa nipeleke nikamsalimie."