Kioo Kilichosuguliwa kwa Majivu

Kitendawili! Nina uso, lakini kila anitazamaye huona wake.

Kioo, mmejibu wote. Hata Notburga, mfagizi wa zahanati ya kijiji kipya cha ujamaa kando ya ziwa, mbele ya Lundo, alidhani anakijua kioo. Kile cha chini ya hadubini, cha kupandisha mwanga, alikisugua kwa majivu, kama sufuria. Na sasa bintiye Luisa alikuwa akifa.

"Mama Luisa, umenimaliza," alisema Mganga Mwinchande wa zahanati hiyo, mtu wa Lindi. "Hiki si cha kuchania nywele. Alumini yake imepakwa mbele, nyembamba kuliko utando wa maziwa. Umeibandua yote."

"Si wewe uliyesema kina ukungu, nikisafishe? Mbona mimi huo ukungu sikuuona?"

Mganga alipapasa meza, akaokota kichupa. "Nisomee, tuone kama darasa lako la nne halijaota kutu."

"Dawa ya malale."

"Ni sumu hiyo. Mwenye malaria nikimchoma, namuua. Sichomi mpaka mdudu aonekane kwenye damu."

Luisa alikuwa siku ya tisa ya ugonjwa, usingizi mchana kutwa, uji ukimtoka pembeni mwa mdomo. Hospitali ya misheni ilikuwa siku mbili kwa machela, kupanda milima. Asingefika.

Notburga alikimbia. Akaleta kioo cha kunyolea cha mumewe. Mganga akainamia hadubini, tone bichi la damu ya Luisa likiwa chini ya lenzi.

"Giza."

Akaleta mfuniko wa sufuria.

"Giza."

Akampora Egidi, balozi wa nyumba kumi, tochi yake, akakinyofoa kile kikombe king'aacho cha ndani, nacho kimepakwa alumini vilevile. "Mwanamke, tochi ya Chama hiyo!" Egidi alipiga kelele. Notburga akakifunga kwa uzi chini ya hadubini, akakielekeza kwenye jua, lililokuwa limeshaanza kuinamia ng'ambo ya ziwa.

"Giza, mama. Mungu amekataa."

"Mungu yupi? Wako au wangu?"

Akamsukuma kando, mtumishi wa serikali mzima, akabandika jicho lake. Akazungusha kile kirungu cha pembeni alichozoea kumwona Mganga akikizungusha.

Kweupe pe! Punje nyekundu tele kama mtama, na katikati yake vidudu vikijinyonganyonga kama usipa, dagaa wa ziwani, wavuni.

"Mganga, si hawa hapa, wanacheza! Ukungu uko wapi?"

Mwinchande aliketi sakafuni, polepole.

"Umo machoni mwangu, mama Luisa. Tangu Ramadhani. Nishike mkono, unionyeshe mshipa wa mtoto."