Moshi wa Marehemu Shomvi

Mwaka ule kila nyumba mkoani ilikuwa na kipima hewa darini, na Wakala wa Hewa ulijua moshi wowote umetoka kwa nani. Aliyekutwa na moshi alizibiwa madirisha, akabaki nao mwenyewe.

Bi Mwanahawa, mjane wa miezi minne, alipikia umeme tu. Kwa hiyo alishangaa mkaguzi alipobisha hodi.

"Shikamoo, mama. Kipima chako kimenasa moshi wa tumbaku siku tisa mfululizo. Nani anavuta humu?"

"Marahaba, mwanangu. Naishi peke yangu."

Mkaguzi akamwonyesha kwenye simu: tumbaku ya kusokota, chumba cha kulala, kila siku alasiri. Bi Mwanahawa akaisoma saa hiyo tena. Ndiyo saa aliyokuwa akivuta marehemu mumewe, Shomvi, mpaka mapafu yakamuua. Yeye hakuwa amesikia harufu yoyote. Labda ilitoka na upepo wa dirishani.

"Huenda kimeharibika," mkaguzi alisema kwa upole. "Nikibadilishe, tufunge faili?"

"Usikibadilishe. Ni mimi ninayevuta. Niliona haya kusema."

Mkaguzi akaandika. Kesho yake asubuhi mafundi walikuja, wakaziba madirisha yote, wakaenda zao.

Bi Mwanahawa akaketi kitandani kusubiri. Ilipoadhiniwa alasiri, harufu ikaja, nzito kuliko alivyoikumbuka. Akatabasamu. Kisha kifua kikambana, akakohoa, na upande wa pili wa kitanda mtu akakohoa naye.