Mara ya Saba

Mara sita asubuhi ile Sakaya alikuwa amepiga kelele "Kichwa!", na mara sita Mjerumani aliyekuwa akimfundisha kuendesha kimashua chake katika ziwa Duluti akainama. Upepo ukitoka nyuma, ukigeuza usukani, tanga huruka upande wa pili pamoja na mti wake wa chini, na mti ule hauna simile na aliyesahau kuinama.

"Umeshika upesi," Mjerumani alisema, akasimama kuonyesha ng'ambo, palipobaki visiki vya migomba. "Pale napanda kahawa. Utanisimamia."

"Ndiyo, bwana."

Migomba ile aliipanda baba yake Sakaya, kabla Wajerumani hawajamnyonga kule bomani.

Mjerumani hakujua, wala hakuwahi kuuliza. Alikuwa amempa mgongo. Shingo yake ilikuwa imebabuka kwa jua, na juu ya ukosi jasho lilikuwa limetuama kwenye mkunjo mmoja mwembamba, mwekundu kama alama ya kamba.

Upepo wa Meru ukashuka, ukampiga Sakaya kisogoni.

"Haya, geuza ukiwa tayari," Mjerumani alisema, macho bado yako kwenye visiki.

Sakaya akavuta usukani. Mdomo aliufumba.