Maryamu Anarudi Kwaluguru

"Leo siondoki bila mke wangu," Isihaka alisema, hata kabla hajavuka kizingiti cha kituo cha utafiti pale Kilole.

Loyce, mtafiti kijana, alivua glavu. "Shikamoo, mzee Isihaka."

"Marahaba, mwanangu. Umeme jana ulikatika mpaka kwetu Kwaluguru. Maryamu hakupata shida?"

"Jenereta iliwaka papo hapo, mzee. Yuko salama."

Isihaka alishusha pumzi. Kwapani alikuwa amebana kanga mpya.

"Lakini tungeomba utuachie kidogo," Loyce alisema. "Jeni ni zile zile mwili mzima, ila ubongoni zina zamu zake: hizi zinafanya kazi, zile zimelala. Tunalinganisha za Maryamu na za wasioumwa. Tumeanza kuona kilichomtetemesha mikono na kumsahaulisha majina ya wanawe."

"Hata langu alilisahau. Mwaka mzima aliniita shemeji."

Loyce alicheka, kisha akajizuia.

"Kuja kwenu alikubali mwenyewe," mzee aliendelea. "Lakini akili zikiwa bado zimetulia aliniambia: wakishanisoma unirudishe nyumbani, usiniache kwa wageni. Huu mwaka wa pili. Kaka yake, Athuman, ananicheka, eti mke wangu ameolewa na madaktari. Na mimi nikiamka, wanaoitikia salamu yangu ni kuku."

"Tukimtoa, mzee, hatuna mwingine wa kumsoma kama yeye."

"Na mimi sina mwingine."

Loyce alitazama sakafu. "Umekuja na gari?"

"Basi la Handeni. Kurudi nimekata tiketi moja. Nitampakata."

Binti akaingia ndani, akakawia. Isihaka alikaa kwenye benchi akiikunjua kanga na kuikunja tena. Kila mlango ulipolia alisimama. Watu walipita wakimwamkia, naye akaitikia bila kuwatazama. Aliogopa kurudi tena mikono mitupu kwenye ile nyumba, awashe moto wa mtu mmoja.

Hatimaye Loyce alitoka, macho mekundu, amebeba kikasha kilichofungwa.

"Mchukue, mzee. Mwambie tumeshukuru."

Alasiri, Kwaluguru, Athuman hakucheka. Alishika jembe, akasoma dua kimoyomoyo, akachimba kijishimo juu ya kaburi la dada yake, upande wa kichwani, ili ubongo wake urudi mahali pake.