Hodi ya Pongo

Jumatatu asubuhi Pongo, swala wa msituni, alishindwa kuruka kijito. Goti lilikuwa limekaza, na Chui alikwisha kuanza kumvizia.

Akaenda kwenye mzinga. "Hodi wenyewe! Naomba mniume gotini. Nasikia sumu yenu ni dawa."

"Karibu, mama," akajibu Malkia wa nyuki. "Lakini kwetu ni mwiko kumuuma mgeni aliyebisha hodi. Onja asali."

Njiani Nyegere, mwizi wa asali, akamcheka. "Adabu itakuua, dada! Mimi sijawahi kubisha hodi, na magoti yangu ni mazima."

Pongo akarudi, akaupiga mzinga teke kwa mguu ule mbovu. Nyuki wakamshukia gotini.

Alhamisi Chui alimkimbiza. Pongo aliruka kijito, akaugeukia mzinga na kuomba radhi kwa sauti. Chui hakuthubutu kuruka, akabaki ng'ambo.