Jeneza Lililopanda Mto

Mto Peel ulikuwa umeshameza misalaba miwili ya makaburini, na sasa ulikuwa unaunyemelea wa Enoch.

Jemima alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwatazama vijana wakichimba. Kila kiangazi barafu ya ardhini iliyeyuka, ukingo ukamomonyoka, na maji ya matope yakauchukua udongo kaskazini hadi baharini. Baraza la kijiji likaamua wafu wahamishiwe kilimani. Jemima hakupinga wala hakushukuru. Alihisi ganzi tu, ileile ya tangu utotoni.

Alikuwa na miaka saba meli ya misheni ilipopanda mto na jeneza la kaka yake. Meli hiyohiyo ndiyo iliyomchukua Enoch kwenda shule ya bweni, huko mto unakoishia. Akarudi amepigiliwa misumari. Mama aliomba afunguliwe amwone mwanawe. Kasisi akakataa, akasema ni kifua kikuu, kitawamaliza wote. Mama akasema jeneza ni fupi mno. Akajibiwa kwamba maradhi humsinyaza mtoto. Wakazika.

Tangu hapo, kila samaki walipoanza kupanda mto, mama aliwasha moto kaburini na kumtilia mwanawe kipande cha samaki motoni. Mama alipofariki akazikwa kilimani, Jemima akaushika moto huo.

"Shangazi, tumelifikia," Wilbert, mtoto wa mdogo wake, alisema kutoka shimoni. "Mbao zimeoza. Nenda nyumbani, tutakuita."

"Siendi."

"Basi usitazame."

"Mama alinyimwa kumtazama, Wilbert. Mimi nitamtazamia."

Wilbert akawaashiria wenzake. Wakapitisha kamba, wakavuta taratibu. Jeneza lilipofika juu, mfuniko ukateleza ukaanguka matopeni. Vijana wakarudi nyuma. Mmoja akavua kofia.

Jemima akapiga magoti. Barafu ilikuwa imetunza amana yake: uso mzima, mikono imekunjwa kifuani, kana kwamba ni usingizi wa jana. Akatazama sana. Machozi hayakuja. Akavua kitambaa chake cha kichwani, akamfunika hadi kidevuni, kama mtu amfunikavyo mtoto asipigwe na baridi.

"Ndiye, shangazi?"

Jemima alipangusa tope shavuni mwa maiti.

"Mlazeni kando ya mama," alisema. "Ni binti wa watu." Akairudisha kifuani misuko miwili mirefu ya nywele, iliyofungwa kwa uzi mwekundu.